Besi Kuukuu: Gitaa Limeiva au Nyuzi Zimechoka?

Hoja iliyo mezani ni hii: gitaa la besi la umeme, kadiri linavyozeeka, ndivyo sauti yake inavyoiva. Wapiga muziki wengi huikubali bila kuuliza, na bei za magitaa ya kale zimesimama juu yake. Nimeikabidhi kwa sauti nne. MZEE amepiga besi katika bendi za dansi tangu ujanani. FUNDI ni mwanamke anayetengeneza magitaa na amplifaya. Amefungua mengi kuliko aliyowahi kupiga. MWALIMU anafundisha fizikia sekondari. DALALI ananunua na kuuza vyombo vya zamani. Sikuwaketisha watu hawa chumba kimoja. Ni misimamo ninayokutana nayo kila mazungumzo yanapogusa besi, nami nimeipa midomo. Nitaingilia pale nitakaposhindwa kujizuia.

DALALI: Naanza mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayetoa fedha. Bwana Leo Fender alitoa Precision Bass mwaka 1951 huko Fullerton, California, na Jazz Bass mwaka 1960. Januari 1965 kampuni yake ikauzwa kwa CBS kwa dola milioni 13. Gitaa lililotoka kabla ya mauzo yale lina bei yake, lililofuata lina bei nyingine kabisa. Sasa niambieni, wanunuzi wote hao ni wajinga? Wameyashika yote mawili, wameyasikia. Mbao zimekauka, laka imelika, sumaku zimelegea kidogo, ukali umeondoka umebaki utamu. Ni kazi ya muda hiyo. Kiwanda hakiiwezi.

MZEE: Namuunga mkono, ingawa bei zake sizijui. Enzi zetu vyombo vilikuwa mali ya bendi, na bendi ilikuwa mali ya chama au shirika. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ya shirika la DDC. Unafika ukumbini unalikuta gitaa, unapiga mpaka majogoo, unaliacha hapo hapo. Mimi nilikuja kubahatika. Bendi moja ya mtu binafsi ilipovunjika nikaachiwa besi badala ya mshahara. Precision ya miaka ya 1970. Mwanzo ilikuwa na kelele, kila noti inachoma. Baadaye ikatulia. Noti ikawa nene, inakaa chini na ngoma, haigombani na solo wala rizimu. Hili sikulisoma mahali. Nimelisikia kwa masikio yangu mwenyewe.

MWALIMU: Shikamoo Mzee.

MZEE: Marahaba, mwanangu.

MWALIMU: Sibishi kwamba ulisikia. Nauliza tu: kati ya hiyo mwanzo na hiyo baadaye, nyuzi ulizibadilisha mara ngapi?

MZEE: Kubadilisha? Uzi ulikuwa ukikatika ndipo unatafutwa mwingine. Nyuzi za besi zilikuwa adimu kuliko petroli. Zikizidi kufa tunazichemsha kwenye sufuria, tunazianika, tunazirudisha. Siku mbili tatu zinalia vizuri, halafu zinarudia hali yake.

FUNDI: Basi Mzee ameshaijibu hoja nzima. Tuagize chai.

Chai itasubiri, maana Dalali hajaelewa kwa nini Fundi anacheka, na huenda hata wewe msomaji hujaelewa. Fundi ana haraka, lakini ana hoja. Mpeni nafasi.

FUNDI: Kaka Dalali, twende na gitaa lako unalolipenda, la mwaka 1962. Nitakupa mawili, yote yametoka kiwanda kimoja, mwaka mmoja. La kwanza ni Precision ya James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown. Huyu alirekodi Detroit, kwenye ile nyumba waliyoiita Hitsville. Gitaa lilichomekwa moja kwa moja kwenye meza ya kurekodia, bila kuwekewa maikrofoni mbele ya spika. Alikwanyua kwa kidole kimoja, cha shahada. Nyuzi zake zilikuwa La Bella nene, zile bapa, yaani uzi umezungushiwa utepe laini badala ya waya wa duara. Chini ya kifuniko cha daraja kulikuwa na sponji inayozigusa nyuzi ili noti isivute. Na nyuzi hizo, ndugu yangu, hakuzibadilisha mpaka zikatike.

MZEE: Unaona? Kumbe na Marekani walikuwa kama sisi.

FUNDI: Sababu zilitofautiana, Mzee. Nyinyi mlikosa, yeye alikataa. Matokeo ni yale yale. Sasa hesabu. “Reach Out I'll Be There” ya Four Tops ilitoka 1966. Gitaa la 1962 lilikuwa na umri gani?

DALALI: Miaka minne.

FUNDI: Na “What's Going On” ya Marvin Gaye ilitoka 1971.

DALALI: Tisa.

FUNDI: Gitaa la miaka minne ni changa. Laka yake bado inang'aa, mbao zake bado mbichi kwa hesabu yenu ya kuiva, sumaku zake ni zile zile zilizotoka dukani. Na hiyo ndiyo sauti ambayo kila anayekuja kwako anasema anaitafuta, hiyo nene, hiyo ya kizamani. Watu wanalipa bei ya nyumba kupata gitaa la miaka sitini ili litoe sauti ya gitaa la miaka minne lililofungwa nyuzi chakavu.

Hapa nitasimama kidogo, kwa kuwa naona ndipo mjadala ulipo, na makala nyingi za vyombo vya kale hupaepuka. Tunaposema “sauti ya zamani” hatuna tuliyoisikia isipokuwa iliyo kwenye rekodi, na rekodi zile zilipigwa wakati magitaa hayo yakiwa mapya au karibu mapya. Wapigaji wa miaka ya 1960 hawakuwa wakipiga vyombo vya kale. Walipiga bidhaa ya dukani, iliyobuniwa na mtu ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa, ikatengenezwa kiwandani kwa mafungu. Kilichokuwa kizee ndani ya sauti ile ni kile cha bei ndogo kuliko vyote.

DALALI: Sawa, hiyo ni 1966. Lakini gitaa lile lile tangu hapo limeendelea kukaa. Nani kasema halikuzidi kuwa tamu? Tulipige leo tulinganishe.

FUNDI: Hilo la Jamerson huwezi. Liliibwa muda mfupi kabla hajafariki, mwaka 1983, na halijaonekana. Ila nilikuahidi mawili. La pili ni Jazz Bass ya 1962 ya mpiga besi Jaco Pastorius. Freti zimeng'olewa, mifereji imezibwa, ubao wa vidole umepakwa epoksi ya mashua ili nyuzi zisiutafune. Nyuzi zenyewe ni Rotosound za waya wa duara, zile zilizoshika kasi baada ya John Entwistle wa The Who kufanya kazi na kampuni hiyo mwaka 1966. Sikiliza albamu ya kwanza ya Jaco, ya 1976. Inalia, inaimba, ina makali, kila kidole kinasikika kinavyoteleza. Gitaa la Jamerson halikuwa na hata moja ya hayo. Mwaka mmoja, kiwanda kimoja. Umri ungekuwa ndio unaotia sauti, hawa wangekuwa ndugu. Hawafanani hata kidogo.

DALALI: Moja ni Precision, jingine ni Jazz. Pikapu zinazonasa sauti ya nyuzi si zile zile.

FUNDI: Kweli, na tofauti hiyo ipo, nakupa. Lakini mchukue mpigaji mmoja, umfungie Precision nyuzi bapa zilizochoka na sponji, kisha umfungie Precision hiyo hiyo nyuzi za duara zilizotoka kwenye pakiti leo. Utaapa ni magitaa mawili. Pikapu haijaguswa. Na hilo la Jaco lina mkasa wake: lilivunjwa vipande vipande, likaunganishwa kwa gundi, likaibwa New York mwaka 1986, likaibuka baada ya miaka mingi, na Robert Trujillo wa Metallica akalinunua. Mbao zile za 1962 sasa hivi ni mbao na gundi. Tukisema zimeiva, tunasemea kipi, mbao au gundi?

MWALIMU: Naomba niingie kabla hamjafika kwenye mbao, maana hapo ndipo watu wanapochanganya gitaa la umeme na fidla. Fidla inasikika kwa sababu mbao zake zinatikisa hewa. Gitaa la umeme halisikiki hivyo. Uzi wa chuma unatikisika juu ya sumaku, uga wa sumaku unabadilika, koili inapata volti ndogo, na volti hiyo ndiyo inayokwenda kwenye amplifaya. Pikapu haisikii mbao. Inasikia uzi. Mbao zina njia moja tu ya kuingia: kuunyang'anya uzi nishati.

DALALI: Kwa hiyo zinaingia.

MWALIMU: Zinaingia, tena mahali pengine zinaingia kwa nguvu. Mzee, kwenye besi yako, uzi mwembamba kabisa, uzi wa G, ukibonyeza kati ya freti ya tano na ya saba...

MZEE: Inakufa! Ile noti ya wizi. Unaipiga inakuja, ukitaka kuivuta haipo. Kila Fender niliyoishika inayo. Tulikuwa tukiikwepa, tunaipiga kwenye uzi wa D.

MWALIMU: Hiyo ni shingo ya gitaa, Mzee. Shingo ina mtikisiko wake wa asili, na katika magitaa haya mara nyingi unaangukia jirani na noti hizo, kama hezi 130 hadi 150 hivi. Noti ikikutana nao, shingo inatikisika pamoja na uzi na kuinywa nishati yake. Bana kitu kizito kwenye kichwa cha gitaa, noti iliyokufa itahamia freti nyingine. Kwa hiyo sisemi mbao si kitu. Mbao zikikauka na kukakamaa, mtikisiko huo unaweza kusogea kidogo. Lakini angalia nilichokupa: noti moja inayokufa kuhamia jirani. Dalali anauza utamu wa gitaa zima.

DALALI: Na laka? Laka ya nitroselulosi ni nyembamba, inaziacha mbao zipumue. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaanza kupaka poliesta, gitaa likawa kama limevishwa plastiki.

FUNDI: Mbao hazipumui, kaka, zimeshakufa. Na chini ya hiyo nitro kiwandani walitanguliza kizibio cha kuziba vinyweleo vya mbao. Tayari zilikuwa zimezibwa kabla laka haijafika. Laka ya nitro ina uzuri wake: inapasuka vizuri, inalika vizuri pale mkono unapopita. Ni uzuri wa macho. Fender wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana tangu katikati ya miaka ya 1990 wanauza magitaa mapya yaliyochakazwa kwa makusudi, yamekwaruzwa, vyuma vimetiwa kutu. Na wapo watengenezaji wanaozioka mbao za shingo ndani ya tanuru lisilo na oksijeni, zitoke kavu na nyepesi kama za miaka mingi. Uzee umekuwa bidhaa, unapakwa kwa brashi.

Dalali alitaka kujibu. Namrukia, kwa sababu kuhusu laka naona watu wamesema sana na hawajasikilizana. Kilichonivutia mimi ni kile kilichofuata, nilipomwuliza Fundi: kama si mbao na si laka, ukifungua besi ya miaka hamsini unakuta nini kilichobadilika kweli?

FUNDI: Nikianza na sumaku mtachoka mapema, maana sumaku hazina habari. Ni alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma. Ukiziacha zitulie zinatunza nguvu zake kwa miongo mingi, kinachopungua ni kidogo mno. Zinadhoofika zikikaribishwa sumaku nyingine yenye nguvu, au zikipata joto kali. Mtu aliyekuwa akilaza gitaa lake nyuma ya spika kubwa, huyo naweza kumwamini kwamba pikapu yake imelainika. Lakini huo si uzee, ni makazi mabaya. Poti nazo zina vituko. Hicho kikorokoro unachozungusha kupandisha sauti kimeandikwa kiloomu 250, ukikipima unapata 210, au 290. Ikiwa chini, sauti za juu zinapungua. Ikiwa juu, zinabaki. Ila hitilafu hiyo ilikuwapo tangu siku ya kwanza, maana kiwanda cha poti kiliruhusu hitilafu ya asilimia 20. Koili vile vile. Pale Fullerton mashine ilizungusha, lakini mkono wa mfanyakazi ndio uliouongoza waya. Abigail Ybarra, aliyeanza kazi pale 1956, amekuwa mtu maarufu kwa sababu ya mkono wake. Akizungusha zaidi kidogo, pikapu inakuwa nzito. Akipunguza, inakuwa nyepesi. Kwa hiyo magitaa mawili ya siku moja hayakuwa sawa hata yakiwa mapya. Halafu miaka sitini baadaye mtu anapiga moja, anapiga la pili, anasema “hili limeiva kuliko lile.” Yalizaliwa hivyo!

MWALIMU: Na mabovu yametupwa.

FUNDI: Na mabovu yametupwa, au yamefumuliwa wakauza vipuri. Lililokuwa zuri tangu mwanzo ndilo lililotunzwa, likapigwa, likarithiwa. Leo tunayaona yaliyobaki tunasema zamani walitengeneza vizuri.

FUNDI: Sasa nifike kwenye kilicho na habari. Waya wa koili ni shaba yenye unene wa kama sehemu sita za mia za milimita. Unywele wako ni mnene kuliko huo, au unalingana nao. Umepakwa ngozi nyembamba ya kuuzuia usigusane, umezungushwa maelfu ya mizunguko, na kwenye pikapu nyingi za Fender umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku, kati ya vibao viwili vya karatasi ngumu iliyoshindiliwa. Karatasi hiyo inanyonya unyevu. Inavimba, inajipinda. Sumaku zina chuma, zinashika kutu. Kutu inaugusa waya. Sasa lilete gitaa hilo Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, lipulizwe na upepo wa chumvi kila siku, na jasho la mpigaji linadondokea humo ukumbini. Waya unaliwa. Wakati mwingine mizunguko kadhaa inagusana, koili inakuwa kama imepunguzwa: sauti inapanda juu, inakuwa nyembamba, imekosa tumbo. Wakati mwingine waya unakatika kabisa. Na kwenye Precision vipande viwili vya pikapu vimeunganishwa kwa mfuatano, kimoja ni cha nyuzi za E na A, kingine cha D na G. Kimoja kikikatika hupotezi nusu, unapoteza gitaa zima, linabaki kunong'ona.

MZEE: Yangu inafanya hivyo siku za mvua.

FUNDI: Nilijua utasema.

MWALIMU: Kwa hiyo besi inapozeeka, kule inakokwenda kwa asili yake si kwenye unene na utamu.

FUNDI: Inakwenda kwenye wembamba na ukimya. Utamu unatoka kwenye nyuzi. Mifereji kati ya mizunguko ya uzi inajaa jasho, mafuta na ngozi ya vidole. Chuma kinaanza kushika kutu. Uzi unapojitikisa unajisugua na uchafu wake wenyewe, na sauti zinazokufa kwanza ni zile za juu kabisa, zile zinazochoma. Zinabaki za chini. Ndiyo ule unene. Ukichemsha, mafuta yanatoka, makali yanarudi siku mbili tatu. Mzee alifanya jaribio hilo kabla Mwalimu hajazaliwa.

Mwalimu alikuwa na jambo jingine, na nilimwona analizungukazunguka kwa sababu ya heshima. Mwishowe akalisema.

MWALIMU: Mzee, naomba radhi, sisemi kwa dharau. Umekaa mbele ya spika miaka mingapi?

MZEE: Tangu sijaoa. Unataka kusema masikio yamechoka.

MWALIMU: Ya kila mtu yanachoka, yangu pia. Tunapoteza sauti za juu kwanza, na aliyeishi kwenye kelele hupoteza zaidi kwenye eneo la karibu na hezi 4,000. Humo ndimo ukali wa uzi mpya unamokaa, mkwaruzo wa kidole, mgongano wa uzi na freti. Gitaa likiacha kuchoma baada ya miaka thelathini, huenda limebadilika gitaa, huenda zimebadilika nyuzi, na huenda umebadilika wewe.

MZEE: Wanangu wananiambia redio naifungulia sana.

DALALI: Basi tusiamini masikio ya Mzee, tuamini rekodi. Maktaba ya redio ina kanda tangu enzi za Radio Tanzania. Mchukueni mpigaji mmoja, mlinganishe wimbo wa mwanzo na wa mwisho.

MWALIMU: Kanda nazo zinazeeka. Iliyochezwa mara nyingi inapoteza sauti zile zile za juu. Na tangu wimbo wa mwanzo hadi wa mwisho imebadilika maikrofoni, amplifaya, pengine fundi mitambo. Ili useme gitaa ndilo lililobadilika unahitaji gitaa lile lile, nyuzi za hali ile ile, mkono ule ule, waya ule ule, mwaka 1962 na leo. Hakuna aliyeyatunza hayo yote. Na hata kwenye fidla, ambako mbao ndizo zinazopaza sauti, mambo si rahisi. Mwaka 2010 Claudia Fritz na watafiti wenzake waliwapa wapigaji 21 fidla sita mjini Indianapolis, wamefunikwa macho kwa miwani ya giza: tatu mpya na tatu za kale, mbili za Stradivari na moja ya Guarneri. Wengi walichagua mpya, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa ya Stradivari. Kama miaka mia tatu haikuwasaidia wapigaji wale kutambua, gitaa lenye koili lina hoja dhaifu zaidi.

Ningeufunga mjadala hapo kama Dalali asingekuwa na karata moja, na ni karata nzuri; naiweka ingawa inanisumbua.

DALALI: Nyote mnalizungumzia gitaa kana kwamba linapigwa na mashine. Shika shingo iliyopigwa miaka hamsini. Kingo zimelainika, vanishi imeondoka nyuma, ubao wa rosewood umeingia mabonde mahali vidole vinapokaa.

FUNDI: Rosewood, ndugu yake mpingo. Hiyo ni mbao ngumu, na bado inalika.

DALALI: Mkono unatulia humo. Hauogopi kukwaruza. Mtu anayepiga gitaa jipya la gharama analipiga kwa woga. Akishika kuukuu analipiga kama mali yake. Kidole kikigonga uzi kwa namna nyingine, sauti ni nyingine. Fundi mwenyewe ametuambia kidole kimoja cha Jamerson kilikuwa sehemu ya sauti. Basi gitaa linalobadilisha kidole limebadilisha sauti. Mwalimu, volti yako itaonyesha.

MWALIMU: Itaonyesha, ndiyo.

FUNDI: Hilo nalikubali bila masharti. Ila shingo hiyo unamshauri mteja aiache kabatini isiguswe, bei isishuke. Na freti zikiisha unamwambia asibadilishe, abaki na “asilia.” Freti iliyolika inafanya uzi ulalame, noti haijulikani iko juu au chini. Kwa hiyo utamu unaouza unatokana na kupigwa, na unachomshauri mnunuzi ni asipige.

DALALI: Mimi sikuiweka sheria ya soko.

MZEE: Tuacheni masoko. Besi yangu inanyamaza mvua ikinyesha, na Jumamosi nina shughuli Kinondoni. Nifanyeje?

DALALI: Mzee, usiiguse. Nitakupa bei nzuri kama ilivyo. Pikapu ikisukwa upya, sehemu ya thamani imekwenda.

FUNDI: Kaka, unainunua besi isiyotoa sauti?

DALALI: Anayeinunua kwangu hataipiga.

FUNDI: Mzee, nisikilize. Nitakifungua kile kipande kilichokufa. Sumaku zinabaki zile zile, nitazisafisha kutu na kuzipaka laka ili waya mpya usigusane nazo. Vibao vya karatasi vikiwa bado vizima navyo vinabaki. Waya wa zamani nitaufumua nikiuhesabu, mpya nitauzungusha idadi hiyo hiyo. Ukitaka iwe nzito kidogo nitaongeza, ukitaka ibaki kama ilivyokuwa nitaacha.

MZEE: Kama ilivyokuwa lini?

MWALIMU: Swali hilo ndilo lililotuweka hapa.

MZEE: Ilivyokuwa ilipotulia. Si ile ya mwanzo.

FUNDI: Basi koili nitaisuka kama mpya, na kutulia utakutia mwenyewe. Niletee kesho asubuhi. Itabidi nifungue na nyuzi, maana pikapu iko chini yake. Nikuwekee mpya?

MZEE: Nyuzi uzirudishe hizo hizo. Na usizichemshe.